MAUMIVU YA TUMBO BAADA YA UZAZI: SI KILA MARA NI CHANGO

Wananchi na watumishi wa Serikali, wa Visiwani na wa Bara, wanaelimishwa juu ya ugonjwa wa lupasi, ambao mara chache hujitokeza kwa maumivu ya tumbo kwa mama aliyejifungua.

Lupasi hauambukizi, wala si uchawi. Ni hali ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Ugonjwa huweza kuamka wakati wa ujauzito au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua.

Dalili zinazojulikana zaidi ni maumivu ya viungo, uchovu, homa na madoa ya mashavuni. Hata hivyo, kwa baadhi ya wagonjwa tumbo hutangulia: mishipa ya damu ya utumbo au kongosho huvimba, au maji hujaa tumboni. Mama hutapika, huharisha na kuumwa sana.

Hapo ndipo penye hatari. Mama aliye ndani ya arobaini huambiwa ana chango, akapewa mizizi, na siku zikapotea. Ikumbukwe kuwa sababu za kawaida ni nyingi zaidi, zikiwemo uambukizo wa kizazi, malaria na kifua kikuu cha tumbo. Hizo hazina budi kuchunguzwe kwanza, kwa kuwa prednisoloni, dawa ya kutuliza lupasi, hupunguza kinga na huweza kuchochea uambukizo uliojificha.

Kwa mfano, mama wa Mazinde, Wilaya ya Korogwe, aanzie zahanati ya karibu. Maumivu yasipotulia, apelekwe Hospitali ya Magunga, Korogwe. Na ikibidi, apewe rufaa Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Wa Unguja aende Mnazi Mmoja. Amweleze mganga habari za viungo na ngozi pia, na mkojo upimwe, kwani lupasi hudhuru figo kimyakimya.

Dawa nyingine ni haidroksiklorokwini, yenye asili moja na klorokwini, iliyoachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara mwaka 2001. Mama anayeitumia kwa maelekezo ya daktari anaweza kunyonyesha. Inasisitizwa kwamba asiache dawa kwa kujiona nafuu, na kabla ya kubeba mimba nyingine amwone daktari.