Kompyuta Inayozimika Mara kwa Mara: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Kompyuta ya mezani inapozimika ghafla kila mara, wengi hukata shauri upesi: mashine imezeeka, inunuliwe nyingine. Kumbe huenda kosa ni kipande cha kumbukumbu kilicholegea, au vumbi lililoziba feni. Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwamba chanzo cha hitilafu ya namna hiyo hupatikana kwa njia ile ile itumikayo katika maabara: kutazama, kukisia, kujaribu na kuhakiki.

Na uchukuliwe mfano wa kompyuta iliyo nyumbani kwa mwalimu wa Maganzo, wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Ndani yake mna alama za wanafunzi za mwaka mzima. Mashine huzimika mara tatu kwa juma. Afanye nini?

1. Dalili kwanza

Kabla ya jambo lolote, alama zinakiliwe kwenye diski nyingine, maana kila kuzimika kwaweza kuharibu yaliyohifadhiwa. Kisha lifunguliwe daftari. Kila mashine inapozimika iandikwe saa, hali ya hewa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na namna ilivyozimika. Namna kuu ni tatu:

(a) Kuzimika papo hapo, kama taa. Hii huelekeza kwenye umeme au joto.
(b) Skrini ya buluu yenye maandishi. Hii huelekeza zaidi kwenye kumbukumbu, diski au programu. Namba iliyoandikwa hapo inakiliwe.
(c) Kuganda, picha ikabaki na kipanya kisitembee. Hii yaweza kutokana na diski, kumbukumbu, programu au joto.

Maganzo ni jirani ya mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao mwamba wake uligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mwanajiolojia anayetafuta almasi hachimbi ovyo. Hufuata madini ya dalili, kama vile ganeti na ilmenaiti, hadi kwenye mwamba wenyewe. Daftari la hitilafu hufanya kazi hiyo hiyo.

2. Joto na vumbi

Shinyanga ni nchi kavu kwa miezi mingi, na feni huvuta vumbi pamoja na hewa. Vumbi likitanda juu ya kipoza joto huzuia hewa kupita, nalo lenyewe hupitisha joto kwa shida. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi, kisha hujizima, halijoto yake ikifikia karibu nyuzi 100 za Sentigredi. Dalili yake ni mashine kuzimika alasiri, baada ya kazi nzito, ikakataa kukaa imewaka mpaka ipoe. Jaribio ni kusafisha kwa brashi laini na kupuliza hewa, kisha kulinganisha halijoto ya kabla na ya baada.

3. Umeme

Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Ikiwa mashine huzimika taa zinapofifia, au mashine ya kusaga ya jirani inapoanza kunguruma, umeme ushukiwe. Ndani ya pawasaplai mna kapasita inayohifadhi nishati kiasi cha nusu ya CV². Akiba hiyo hutosha kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Katika pawasaplai ya aina rahisi, volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, akiba hubaki asilimia 61 tu. Hivyo mkatiko mfupi usioonekana kwenye taa waweza kuizima kompyuta. Jaribio ni kuiunganisha na UPS ya kuazima.

4. Kitu kimoja kwa wakati mmoja

Tuseme kumbukumbu inashukiwa, na kuna vipande viwili, A na B. Mashine iendeshwe na A peke yake, kisha B peke yake, katika tundu lile lile. Hitilafu ikimfuata A, A ndiye mwenye kosa. Ikitokea kwa vyote viwili, lijaribiwe tundu jingine. Anayesafisha feni, akabadili kumbukumbu na kufuta programu siku moja, hata mashine ikipona hajui kilichoiponya.

Tena subira inahitajika. Mashine iliyokuwa ikizimika mara tatu kwa juma yaweza kukaa siku mbili bila kuzimika kwa bahati tu. Ikikaa majuma mawili, ambamo ingetazamiwa kuzimika mara sita, ushahidi umepata uzito.

5. Tahadhari

Waya wa umeme uchomolewe kabla ya kufungua kifuniko, na mkono uguse bati la kasha ili umeme tuli usiharibu vipande. Feni ishikwe isizunguke wakati wa kupulizwa. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe kamwe: kapasita yake yaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Zoezi

1. Onyesha kwa hesabu jinsi asilimia 61 ilivyopatikana.
2. Kilele cha umeme wa volti 230 ni volti ngapi? Jibu lako laeleza nini kuhusu tahadhari ya mwisho?
3. Kompyuta ya shule huganda programu moja tu inapofunguliwa, asubuhi na jioni. Ni chanzo gani kishukiwe kwanza, na ni jaribio gani litakalothibitisha?