SOMO LETU: PROGRAMU YA PICHA – KUKODI AU KUNUNUA?



Januari moja vijana wa kikundi cha kupiga picha huko Kibera waliniita. Harusi zilikuwa zimeisha, wazazi walikuwa mbioni kutafuta karo, na malipo ya programu ya kurekebisha picha yakakosekana. Programu ikajifunga. Kamera ni yao, kompyuta ni yao, lakini kazi ya mteja aliyekuwa ameshalipa nusu ikakwama. Basi tukakaa chini tukajifunza.

1. Tofauti ni gani?
Kununua ni kama kununua cherehani: unalipa mara moja, unashona miaka. Kukodi ni kama chumba cha kupanga: usipolipa, mlango unafungwa. Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ilikuwa ikinunuliwa. Mei 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatakuwa ya kukodi.

2. Uzuri na ubaya
Ukikodi, unaanza na pesa kidogo na unapata matoleo mapya. Ukinunua, unahitaji pesa nyingi siku moja, na programu huzeeka. Ukibadilisha kompyuta inaweza kukataa. Tena bei ya kukodi mara nyingi ni ya dola. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikashuka hadi kama 129.

3. Tupige hesabu
Tuseme kukodi ni shilingi 1,300 kwa mwezi, na kununua ni 10,000. Mwezi wa nane umeshalipa 10,400. Kwa miaka mitatu ni 46,800.

4. Soma mkataba
Mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi si sawa na wa mwezi mmoja mmoja. Ukitoka mapema unaweza kutozwa faini. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe, ikidai iliwaficha wateja faini ya namna hii.

5. Kuna za bure
GIMP imetolewa bure tangu 1996. Affinity, iliyokuwa ikinunuliwa mara moja, ilifanywa ya bure Oktoba 2025.

Vijana wa Kibera waliamua hivi: picha za pasipoti watumie GIMP, Desemba, harusi zikiwa nyingi, wakodi mwezi mmoja tu, hata kama bei yake iko juu kidogo. Wenzao wa Kawangware hutengeneza kadi za harusi na za mazishi kila wiki. Wao waliona kukodi kunawafaa, kwa sababu pesa huingia kila wiki.

Maswali ya kujadiliana
– Mwezi wetu mbaya kabisa huingiza pesa ngapi? Zinatosha kulipia programu?
– Programu ikifungwa leo, picha za wateja tumeziweka wapi pengine?
– Nani anatunza risiti na tarehe za kulipa?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha kikundi. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.