Helmeti ya boda: inakukingaje, na ni lini uibadilishe?

Leo tunajifunza kuhusu helmeti, ambayo wengi wetu tuliotoka Kongo tunaiita kaske. Somo hili ni la dereva wa boda, na pia ni lako wewe abiria unayetoka Base Camp kwenda Juru au Isingiro. Sheria ya Uganda inawataka wote wawili waivae. Lakini askari wa barabarani tumwache kwanza, tuongee juu ya kichwa.

Ubongo ni laini kama parachichi lililoiva, na umezungukwa na maji ndani ya mfupa wa fuvu. Pikipiki ikianguka, kichwa kinasimama ghafla pale kilipogonga, lakini ubongo bado unaendelea na safari. Unajipiga kwenye mfupa kutoka ndani, na mishipa midogo ya damu inakatika. Damu inayovuja humo haina pa kutokea, kwa hiyo inaukandamiza ubongo. Ndiyo sababu mtu anaweza kufa kwa ajali bila kuwa na kidonda hata kimoja cha nje.

Sasa chukua helmeti uiangalie. Gamba la nje linazuia jiwe lisitoboe, na linalitawanya pigo lisikae mahali pamoja. Watu wengi wanadhani kazi imeishia hapo. Sivyo. Inua kitambaa cha ndani utaona povu gumu jeupe, kama lile linalowekwa kwenye katoni ya televisheni mpya. Hilo ndilo linalookoa maisha. Kichwa kikigonga, povu linabonyea, na kichwa kinasimama polepole kidogo badala ya kusimama papo hapo. Angusha yai kwenye saruji, kisha angusha jingine kwenye godoro kutoka urefu uleule, utaelewa.

Tofauti ni kwamba godoro linarudi lilivyokuwa, povu la helmeti halirudi. Likishabonyea limekwisha kazi yake, hata kama gamba la nje bado linang'aa. Kwa hiyo helmeti iliyopata ajali ikiwa kichwani hubadilishwa, haipakwi rangi ikauzwa sokoni. Hapa nawaambia ndugu zangu madereva ukweli: ukinunua helmeti iliyotumika hujui imepitia nini, na bei rahisi haitakujulisha.

Mwaka 2008 ulitolewa uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Ulionyesha kuwa kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali, helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Si kinga ya kila kitu. Hata helmeti nzuri, zenye alama ya herufi E ndani ya duara, hupimwa kwa kuangushwa juu ya chuma kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa. Anayekimbiza pikipiki kwenye vumbi kwa sababu amevaa helmeti anajidanganya.

Kofia ya fundi wa mjengo si helmeti ya pikipiki. Imetengenezwa kwa ajili ya tofali linalodondoka kutoka juu, haifuniki pembeni vya kutosha.

Je, ni lini tena uibadilishe? Gamba likiwa na ufa. Kamba ikiwa imechakaa au kifungio hakishiki. Povu likiwa limetafunwa na panya, jambo ambalo katika nyumba zetu si la ajabu. Helmeti ikicheza kichwani wakati umefunga kamba. Na hata isipopata lolote kati ya hayo, ikifikisha miaka 5 ya kutumika ipumzishwe, maana jasho, mafuta ya nywele na jua huidhoofisha. Usiisafishe kwa petroli wala tina ya rangi, kwa kuwa vitu hivyo huyeyusha povu. Tumia maji na sabuni ya kawaida, uianike kivulini.

Kamba nayo tuiseme. Helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Funga hadi vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, na iteremke karibu na nyusi, isikae kisogoni.

Abiria wengi wanasema wanaogopa chawa na mashilingi kutoka vichwa vya wengine. Hofu hiyo ina msingi, fangasi wa kichwa huambukizwa. Dawa yake ni kubeba kitambaa chako chembamba, ukifunge kwanza, na kukifua ukifika nyumbani. Mama, kilemba cha kitenge chenye fundo kubwa kivue kabla, kwa kuwa kinainua helmeti. Mtoto mchanga hana helmeti yake, na shingo yake haiwezi kubeba uzito huo. Siku ya chanjo, kama miguu inaweza kufika, ni heri kutembea naye.

Ukikuta majeruhi amelala barabarani na helmeti kichwani, usiivute. Kama anapumua vizuri, mwache nayo mpaka wahudumu wafike. Kama hapumui au anakabwa na matapishi, iondoeni watu wawili: mmoja ashike shingo na taya zisitikisike, mwingine aivue taratibu.

Aliyeanguka akainuka na kusema hana neno, asiachwe alale peke yake usiku ule. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji meupe yakimtoka puani au sikioni, mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi. Bebeni na helmeti yake: mhudumu akiona palipobonyea atajua pigo lilitua wapi.