Kichwa Kiko Wapi Leo? Maswali Kuhusu Mtoto Anayegeukageuka Mwishoni mwa Mimba

Mama akienda CPN (kliniki ya wajawazito) akaambiwa kichwa cha mtoto kiko chini, akirudi baada ya wiki akaambiwa mtoto amelala mkingamo, na mara ya tatu kichwa kiko juu karibu na mbavu, ana haki ya kuingiwa na wasiwasi. Hapa Mubambiro wasiwasi huo una sababu ya ziada. Kijiji kiko kando ya barabara ya Goma, kabla tu ya kufika Sake. Vituo vya afya vya huku huzalisha akina mama kila siku, lakini anayehitaji kupasuliwa hupelekwa hospitali kubwa: Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kirotshe, kwenye njia ya Minova, au Goma, zaidi ya kilomita 20. Mtoto kugeukageuka peke yake hakumdhuru mtu. Linaloua ni uchungu kuanza au maji kupasuka mtoto akiwa amelala vibaya na mama yuko mbali na hospitali.

Je, ni kawaida mtoto kubadilika hivyo?

Kabla ya wiki ya 36, ndiyo, kabisa. Katika wiki ya 28 karibu mtoto mmoja kati ya wanne bado ametanguliza matako, na hakuna wa kumlaumu, maana nafasi ingali tele. Mimba inapotimia, wanaobaki hivyo ni watatu au wanne tu katika kila mia, na wanaolala mkingamo ni wachache zaidi, mmoja katika mamia kadhaa. Mtoto ambaye baada ya wiki ya 37 leo yuko hivi na kesho vile ndiye anayehitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Kwa nini wangu hatulii?

Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni uzazi mwingi. Misuli ya tumbo lililokwisha beba watoto watano au sita imelegea, na mtoto hupata uwanja wa kucheza hadi siku za mwisho. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta mwanamke wa Kongo huzaa kwa wastani watoto 6.6, kwa hiyo hali hii haiwezi kuwa ngeni kwetu. Sababu nyingine ni maji mengi kupita kiasi, mapacha, uvimbe katika mfuko wa uzazi, umbo la mfuko wenyewe, nyonga nyembamba, au kondo la nyuma lililokaa chini likaziba njia. Hilo la mwisho ni zito. Kondo la namna hiyo huweza kutoa damu ghafla bila maumivu yoyote, na damu ikionekana safari ni ya hospitali moja kwa moja, hata kama imekatika.

Kuna pia sababu isiyo ugonjwa: hesabu mbaya ya wiki. Mama aliyekimbia vita na kuacha karatasi yake ya CPN nyuma huanza kuhesabiwa upya kwa kukisia, na mimba inayoitwa ya wiki 37 huenda ni ya 33. Ekografi ya mapema hupunguza kosa hilo. Ekografi ya mwishoni haihesabu wiki vizuri, ila huonyesha mtoto alivyolala na kondo lilipo, nayo ni mambo mawili yanayotosha kulipiwa.

Bidoni ya maji, safari ya pikipiki, ugomvi na mume au kulala naye, hakuna hata kimoja kinachomlaza mtoto mkingamo. Hata hivyo, bidoni ya lita 20 aachiwe mwingine, kwa ajili ya mgongo wa mama.

Mzalishaji anajuaje kwa mikono tu?

Ufundi huu ni wa zamani na ni wa kuaminika kuliko watu wanavyodhani. Daktari Mfaransa Adolphe Pinard aliandika kitabu kizima juu ya kupapasa tumbo la mimba mwaka 1878, na kile kijipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Mzalishaji hutafuta kwanza kilicho juu, kisha mgongo uko upande gani, kisha kilichotangulia chini. Kichwa ni kigumu, mviringo, na hucheza kati ya vidole. Matako ni laini zaidi. Moyo ukisikika vizuri chini ya kitovu, kwa kawaida kichwa kimetangulia. Ukisikika juu ya kitovu, huenda mtoto ametanguliza matako. Sehemu ya chini ikiwa tupu kabisa, mtoto yuko mkingamo.

Mama asiogope kuuliza, “Kichwa kiko wapi leo?” na kuomba jibu liandikwe pamoja na tarehe. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mama aonane na mhudumu mara nane, na nne za mwisho ni wiki ya 34, 36, 38 na 40. Kwa mtoto asiyetulia pengo la wiki mbili ni kubwa mno. Arudi kila wiki.

Bibi anajua kumgeuza kwa kukanda tumbo. Nimruhusu?

Hapana. Nasema hivyo bila kuwadharau mabibi, ambao wameokoa wengi mahali ambapo hapakuwa na daktari. Kumgeuza mtoto kwa mikono ni tiba halisi ya hospitali, hufanywa kuanzia wiki ya 36 au 37, na hufanikiwa karibu nusu ya mara. Lakini tazama kinachoizunguka: moyo wa mtoto husikilizwa kabla na baada, mama huweza kupewa dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi, chumba cha upasuaji kiko tayari, na mwenye mapacha, anayetokwa damu au ambaye maji yamekwisha pasuka haguswi. Mwenye damu ya resusi hasi huhitaji pia sindano ya kumkinga. Na baada ya yote hayo, mtoto mwenye tabia ya kuzunguka huweza kurudi alikokuwa.

Nyumbani, kwa mafuta na nguvu, kondo linaweza kubanduka, na kovu la upasuaji wa zamani linaweza kuachia. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu ni mbaya zaidi. Mtoto aliye mkingamo hana njia ya kutokea, hivyo kila msukumo unaoongezwa huuvuta mfuko wa uzazi kuelekea kuchanika. Mikono ya bibi inakaribishwa mgongoni na miguuni.

Kuna mlalo au mazoezi ya kumsaidia?

Wengine huambiwa wapige magoti, kifua kikiwa chini na matako juu, mara chache kwa siku. Haijathibitishwa kwamba humgeuza mtoto, lakini mama asipopata kizunguzungu hakuna ubaya. Kulala kwa ubavu tangu wiki ya 28 ni ushauri wenye msingi imara zaidi, kwa sababu kulala chali hupunguza damu inayomfikia mtoto.

Maji yakipasuka nikiwa nyumbani?

Hapa dakika zina thamani. Kichwa kikiwa chini huziba mlango kama kizibo. Mtoto akiwa mkingamo mlango uko wazi, na kamba ya kitovu inaweza kuteleza mbele yake, ikabanwa, na damu yake ikakatika. Basi mama aondoke mara moja, hata kama hana uchungu. Akiiona au kuihisi kamba, au mkono wa mtoto, asivute wala asirudishe ndani. Apige magoti, kifua chini na matako juu, wakati gari linatafutwa. Ndani ya gari alale kwa ubavu, vikwembe vilivyokunjwa vikiwa chini ya kiuno. Asisukume. Kwenye pikipiki mlalo huo hauwezekani, na motari hodari hawezi kubadilisha hilo.

Ndiyo maana mpango hufanywa kabla. Kuanzia wiki ya 37, mama ambaye mtoto wake hajatulia ni heri akae kwa ndugu walio karibu na hospitali yenye upasuaji. Hospitali nyingi duniani humlaza wodini kwa sababu hiyo hiyo. Masisi, ambako MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) wanafanya kazi katika hospitali kuu tangu 2007, yamewahi kuwapo makazi ya kungojea kwa wanawake wenye mimba za hatari. Kusubiri ishara ya kwanza ndipo mtu aondoke ni kuitegemea barabara, na barabara hii imewahi kufungwa na mapigano, Februari 2024 na tena Januari 2025. Akiba ya AVEC (kikundi cha kuweka na kukopa), mtu wa kusindikiza, ndugu wawili walio tayari kutoa damu, na mtu wa kubaki na watoto: haya yazungumzwe na baba wa nyumba wiki ya 34, wakati bado kila mtu ametulia.

Nitapasuliwa lazima?

Si lazima. Kwa mama aliyekwisha zaa, mara nyingi mtoto hujipanga mwenyewe kichwa chini kabla uchungu haujaanza. Aliyetanguliza matako anaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida mbele ya mhudumu mzoefu, hospitalini. Aliye mkingamo uchungu ukiwa umeshika hatoki bila kupasuliwa, na kukawia huweza kuleta fistula (tundu linalovujisha mkojo au choo), ambayo hospitali ya HEAL Africa ya Goma inajulikana kwa kuitibu.

Mtoto akigeuka sana, je, anachoka?

Hapana. Kupungua kucheza ndiko kwa kuogopwa. Akicheza kidogo kuliko alivyozoea, nenda kapimwe siku hiyo hiyo.

Na baada ya kujifungua?

Aliyepasuliwa aombe karatasi inayosema kwa nini alipasuliwa na jinsi mfuko ulivyokatwa, aitunze pamoja na kadi ya kura. Mimba ijayo azalie hospitalini. Mtoto aliyekaa matako chini hadi mwisho achunguzwe nyonga zake mapema, maana watoto wa namna hiyo huteguka nyonga mara nyingi kuliko wenzao.