Mwanangu amekataa chai yangu

*Shangazi,*

*Mimi ni mkulima mdogo wa chai huku Nyeri, na mzee wa kanisa la PCEA kwa mwaka wa tisa sasa. Marehemu baba yangu, aliyezaliwa 1931, ndiye wa kwanza kwetu kubatizwa. Alibatizwa na Wamisheni wa Tumutumu, akawa mwinjilisti hadi uzeeni. Yaani imani kwetu si jambo la kuokota njiani.*

*Mwanangu wa kwanza wa kiume ana miaka 20. Yuko chuoni Nairobi, mwaka wa pili. Alipokuja Desemba, mama yake alimmiminia chai, naye akakisogeza kikombe pembeni polepole akasema, “Asante mama, siku hizi sinywi.” Nilidhani ni vidonda vya tumbo. Kumbe alikuwa amebatizwa tangu Agosti katika kanisa la Wamormoni bila kunipa hata fununu.*

*Shangazi, chai hiyo ndiyo iliyomsomesha tangu chekechea. Nilikasirika, nikamwambia asiyekunywa chai yangu asile ugali wangu. Alinyamaza. Siku zilizofuata alikuwa akila nikishaenda shambani, na nimegundua mama yake alikuwa akimfichia chupa ndogo ya uji nyuma ya pipa la maji.*

*Watu hao nasikia wana Biblia nyingine na hawaamini Utatu. Mmoja wa wazee wenzangu anasema ni kama Shakahola, mwingine anasema ni waabudu shetani. Kijana anataka kuacha masomo miaka miwili akahubiri. Tena nimeambiwa siku akioa nitasimama nje ya lango la hekalu lao kama mlinzi.*

*Lakini lililonikata maini ni hili: aliniomba jina kamili la babu yake na mwaka aliozaliwa, ili abatizwe kwa niaba yake. Baba yangu! Nilihisi kama kaburi limefukuliwa. Nimewaza kumkatia karo. Je, nitakuwa nimekosea?*

*Baba wa Nyeri*

Umeniita shangazi, ila kwa hesabu yangu tunalingana umri, basi nami nitakuita kaka. Niruhusu nianzie mwisho wa barua yako, kaburini, maana huko ndiko ulikochomwa.

Wamormoni wanaamini kwamba mtu aliyekufa bila ubatizo wao bado anaweza kuupata. Mtu aliye hai huzamishwa majini kwa niaba yake ndani ya hekalu, na hakuna anayegusa kaburi wala mifupa. Kwa imani yao, marehemu mwenyewe huko aliko ndiye anayekubali au kukataa. Wanaegemea 1 Wakorintho 15:29, mstari ambao makanisa mengine huusoma kwa namna tofauti kabisa. Wewe huna haja ya kuukubali usomaji wao. Ila jua kwamba kanisa hilo lina kanuni: aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita hafanyiwi ibada hiyo mpaka jamaa wa karibu kabisa aliye hai atoe ruhusa, yaani mke au mume, mtoto, mzazi au ndugu wa kuzaliwa naye. Baba yako ni wa 1931. Hesabu mwenyewe: mpaka 2041 jina lake halipaswi kwenda popote bila ruhusa yenu. Kama una ndugu, kaeni mapema muwe na kauli moja. Unaweza kusema hapana, ukaisema kwa sauti ya kawaida, na ikatosha.

Lakini kaka, hebu tazama tena alivyofanya huyo kijana. Alikuja kukuuliza. Angetaka kukuzunguka, jina angelipata kwa shangazi zake au kwenye msalaba wa kaburi. Na kuna jambo ambalo hukuliandika, labda kwa kuwa kwenu halihitaji kuandikwa: kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kijana huyo amebeba jina la mzee yule tangu siku ya kwanza. Alichokuomba ni habari za mtu ambaye yeye mwenyewe anaitwa kwa jina lake. Sehemu ya ubatizo ikatae ukitaka. Ile nyingine mpe: alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alitembea umbali gani na Biblia kwapani. Angekuwa wangu, ningemwandikia daftari zima.

Sasa mafundisho. Huko wazee wenzako wamechanganya ukweli na uvumi katika sufuria moja. Kanisa hilo, ambalo jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, Marekani, Aprili 6, 1830. Alisema malaika alimwelekeza kwenye mabamba ya dhahabu, naye akayatafsiri yakawa Kitabu cha Mormoni. Biblia wanayo na wanaisoma, lakini pembeni yake wameweka vitabu vingine vitatu vyenye hadhi ya maandiko matakatifu. Utatu kama unavyoufundisha katika darasa la ubatizo hawana: kwao Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizo mbalimbali kabisa, zenye nia moja, na Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Wanafundisha pia kwamba mwanadamu anaweza kukua, katika maisha yajayo, akafanana na Mungu mwenyewe.

Hilo si jambo dogo kama kuzamishwa au kunyunyiziwa. Vatican, inayoukubali ubatizo wenu nyinyi Wapresbiteri, ilitamka mwaka 2001 kwamba wa Wamormoni haiutambui. Kwa hiyo anayekuambia “makanisa yote ni sawa tu” anakufariji kwa uongo. Wakati huohuo, wanasali kwa jina la Yesu na wanahubiri msalaba na ufufuo. Wewe unaona mwanao amemwacha Kristo. Yeye anaona amemsogelea zaidi. Mkizungumza bila kulikumbuka hilo, kila mmoja atakuwa anamjibu mtu ambaye hayupo mezani.

Na Shakahola? Hofu hiyo siicheki. Msitu huo wa Kilifi ulitoa ardhini maiti zaidi ya 400 za waumini wa kanisa moja, na tangu 2023 mzazi yeyote wa Kenya akisikia kanisa asilolijua lazima moyo ushtuke. Ila hofu ina maswali yake ya kuuliza. Amezuiwa kwenda hospitali? Ameambiwa masomo ni dhambi? Amekatazwa kuongea nanyi? Mbona alikuja nyumbani Desemba? Kanisa analoingia linawataka waumini wasome na watunze familia, na jioni moja kila wiki, kwa kawaida Jumatatu, nyumba nzima huketi pamoja. Na hilo la kuabudu shetani limezeeka. Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za mashetani mwaka 1994, na tangu enzi hizo kila kanisa geni lenye tai na shati jeupe limekuwa likirushiwa tope hilo. Wewe ni mzee wa kanisa, usilirushe.

Ukitaka swali gumu la kumuuliza, liko moja lililo la kweli. Tangu 1852, wakati wa kiongozi wao Brigham Young, mpaka Juni 1978, mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo, wala Mwafrika hakuweza kufunga ndoa ndani ya hekalu. Leo hayo yamekwisha, na kanisa lenyewe limezikana nadharia zilizotumiwa kuyatetea. Lakini kijana wa Nyeri anayeingia humo anapaswa kuijua historia hiyo, na wewe unayo haki ya kusikia anaielewaje. Muulize kwa kutaka jibu, usimuulize kwa kutaka kushinda. Na jiandae naye akuulize kuhusu 1929, Wamisheni wa Kiskoti wa kanisa lenu walipofarakana na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, watu wengi wakatoka kanisani wakaanzisha makanisa na shule zao. Nyumba za huko kwenu zimewahi kugawanyika kwa dini kabla ya yako.

Tena umeniambia baba yako ndiye wa kwanza kwenu kubatizwa. Basi kulikuwa na mzee mwingine nyuma yake, ambaye hukumtaja. Sijui alisali vipi, lakini wazee wengi wa rika lake walisali wakiuelekea mlima Kirinyaga. Siku mwanawe aliporudi kutoka Tumutumu na jina jipya, huyo mzee alimpokeaje? Muulize shangazi yako wa kweli, kama bado yupo.

Habari ya kuhubiri miaka miwili ina upande ambao pengine kijana hakukueleza, au hukumpa nafasi. Kanisa hilo hupokea wamisionari wa kiume kuanzia miaka 18 hadi 25. Yeye ana 20. Kozi ya miaka minne ataimaliza akiwa na 22 au 23, na mlango utakuwa bado wazi. Mwombe hilo, kama baba anayeomba: maliza kwanza, kisha uende na baraka zangu au bila baraka zangu, lakini uende ukiwa na cheti. Akishikilia kwenda sasa, asitoroke darasani. Aandike barua rasmi ya kuahirisha masomo, apate jibu la maandishi. Muulize nani atalipa gharama, maana kwa kawaida mmisionari au jamaa zake huchangia, na kanisa husaidia wasiojiweza. Mahali pa kwenda hachagui yeye. Ila tangu 2019 wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki, kwa hiyo mama yake hatakonda kwa kimya.

(Hapa nicheke kidogo, uniwie radhi. Wamisionari hao wa kiume kwa Kiswahili chao huitwa “Mzee”. Wewe umengoja mvi ndipo ukaupata uzee wa kanisa, mwanao ataitwa Mzee kabla hajaoa.)

Kuhusu kuoa: ni kweli, hekaluni huingia waumini wenye kibali tu. Tangu hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu Mei 2025, jambo hilo halihusu tena watu wa mbali. Lakini sheria yao imelegea. Zamani, katika baadhi ya nchi, wenzi waliofunga ndoa ya kawaida kwanza walingoja mwaka mzima kabla ya kuunganishwa hekaluni. Tangu Mei 2019 hawangoji. Wanaweza kufunga ndoa mbele ya jamaa zote, kisha wakaenda hekaluni peke yao. Mwambie leo, kabla hajapata mchumba: ruracio la mahari utalisimamia, na harusi utaiona kwa macho yako. Hilo anaweza kukuahidi bila kuvunja agizo lolote la kanisa lake.

Sasa karo. Ndiyo, ukiikata utakuwa umekosea. Umesema unaogopa aache chuo, halafu unataka kumtoa chuoni wewe mwenyewe? Na kule Nairobi, siku atakapokosa chakula, nani unadhani atamgongea mlango na sahani? Ni wale wale unaowaogopa. Endelea kulipa, na usiifanye karo kuwa kamba ya kumvutia mbuzi. Badala yake, Jumapili moja mwambie utaandamana naye kwenye ibada yao. Yeyote anaruhusiwa kuingia. Utaona hawana mchungaji wa kulipwa mshahara wala kikapu cha sadaka kinachopitishwa, ingawa fungu la kumi wanalitoa kwa dhati, na meza ya Bwana kwao ni mkate na maji. Usishiriki ikiwa dhamiri inakukataza, keti tu nyuma. Mjulishe mchungaji wako kabla, asije akalisikia kwa wale wanaonong'ona. Halafu Jumapili ifuatayo kijana aje kwenu, aketi nawe.

Na chai, kaka. Najua haikuwa kinywaji tu. Asubuhi zote zile za umande, kikapu mgongoni, foleni ya kupima majani, bonasi inayokuja ikiwa imekonda, yote yalikuwa ndani ya kikombe kile, naye akakisogeza kwa kidole. Ningeumia pia. Lakini hakukikataa kwa sababu yako. Wamormoni waliachana na pombe, tumbaku, kahawa na chai kwa agizo la Joseph Smith la mwaka 1833, kabla mmea wa chai haujafika Kenya. Nenda Kisii na Nyamira ukaone Wasabato wangapi wanalima chai, wanaiuza, wanasomesha watoto kwayo, na hawaionji. Hakuna anayewafukuza mezani. Mchaichai wa bustanini mwanao anaweza kunywa, na maziwa moto pia.

Maneno yale ya ugali yarudishe. Hayataki mkutano wala mbuzi. Akija likizo ijayo, usiende shambani mapema. Ngoja mpaka aamke, na umwambie mama yake ile chupa ya uji itoke nyuma ya pipa, iwekwe mezani karibu na ya chai.