Mnyama wa Porini ni wa Nani?

Mtoto wa Ilala hahitaji kufundishwa ng'ombe hutoka wapi. Akienda Pugu mnadani huona malori yakishusha ng'ombe waliosafiri kutoka Shinyanga, Tabora, Singida na Dodoma, wamechoka, mbavu zao zaonekana. Kutoka hapo wengi hupelekwa machinjioni Vingunguti, na asubuhi nyama huwa imekwisha kutundikwa katika mabucha ya Buguruni na Kariakoo. Katika safari hiyo yote ng'ombe ana mwenyewe. Mwenyewe huyo hubadilika njiani, pengine mara tatu au nne, lakini hakuna saa ambayo ng'ombe hana mtu wa kumdai. Akipotea hutafutwa; akiugua hutibiwa; akiibwa, polisi huitwa.

Haya, tuulize sasa juu ya kongoni, au kuro, au ngiri. Naye ana nyama, tena nzuri. Hula majani yaleyale, hunywa maji yaleyale, na mara nyingi hulala katika ardhi ileile ya mfugaji. Je, yeye ni wa nani? Swali laonekana dogo, lakini jibu lake ndilo liamualo, mahali pengi duniani, kama mnyama ataachwa aishi ama sivyo.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 yajibu kwa maneno machache: wanyama wote wa porini ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais awe mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema vivyo hivyo juu ya ardhi yote. Mdhamini ni mtu ashikaye mali kwa ajili ya wengine, kama mjomba ashikaye urithi wa mayatima: mali si yake, ila ufunguo anao yeye. Kwa hiyo kwetu hakuna mtu awezaye kusema, "Ardhi hii ni yangu milele". Aweza kuwa na hati ya miaka 33, au 66, au 99, au haki ya kimila kijijini, na humo aweza kulima na kufuga. Mihogo aliyopanda ni yake. Lakini nguruwe mwitu akija usiku akaifukua mihogo yote, nguruwe huyo si wake. Sheria humruhusu mkulima kujikinga na kuikinga mali yake. Hata hivyo mnyama akiuawa kwa sababu hiyo, huwa mali ya serikali. Hasara ni ya mkulima, mnyama ni wa umma. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Wazee wetu walikuwa na majibu yao wenyewe. Katika nchi nyingi za bara, tembo akiuawa, pembe iliyoangukia ardhi ilikuwa ya mtemi, kwa kuwa ardhi ilikuwa chini yake. Pembe ya juu ilikuwa ya mwindaji. Kisha wakaja Wadachi. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri kwamba mtu asiwinde pasipo kibali cha kulipia, na sehemu fulani zikatengwa ili wanyama wasiwindwe humo. Amri hiyo ilikuwa na sababu, kwa kuwa biashara ya pembe ilikuwa imewapunguza tembo vibaya. Lakini mtu aliyewinda kwa mkuki na wavu kama babu yake, asiye na fedha za kibali, alilala mwindaji akaamka mwizi.

Tutazame nchi za wengine kidogo. Wazungu wana mnyama aitwaye ayala, ambaye wengi wetu twamjua kwa kusoma Zaburi tu, kwa maana katika nchi zetu hayupo. Afanana na swala au kulungu, ila pembe zake zina matawi, nazo huanguka kila mwaka na kuota tena. Pembe za swala hazianguki. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, ayala walikuwa wamekaribia kwisha katika majimbo mengi. Waliwindwa ili nyama yao iuzwe katika miji mikubwa, na mji mkubwa hauna shibe. Basi majimbo yakakataza kuuza nyama ya ayala wa porini, yakaweka majira ya kuwinda, na mwaka 1937 ikatungwa sheria kwamba kodi ya bunduki na risasi itumike kuwatunza wanyama. Leo ayala ni wengi hata waharibu bustani za watu mjini.

Lakini sheria peke yake haikutosha. Katika jimbo la Texas, zaidi ya sehemu tisa katika kila kumi za ardhi ni ya watu binafsi. Ayala ni wa umma, kama kwetu; lakini lango ni la mwenye ardhi. Mwindaji huchukua leseni ya serikali, kisha humlipa mwenye ranchi, yaani mwenye shamba kubwa la mifugo, ili apate ruhusa ya kuingia. Mwenye ranchi hauzi ayala, kwa kuwa si wake, auza njia. Wako wafugaji huko ambao fedha za wawindaji huwafaa kuliko fedha za ng'ombe, na kwa sababu hiyo huacha vichaka, huchimba mabwawa, na hupunguza ng'ombe ili majani yasiishe. Hawafanyi hivyo kwa huruma tu. Mnyama amewalipa kodi ya nyumba.

Namibia wakaenda mbele zaidi. Sheria za miaka ya 1960 na 1970 ziliwapa wenye mashamba makubwa haki ya kuwatumia wanyama waliomo katika mashamba yao, na wanyama wakaongezeka. Lakini wenye mashamba hayo wakati huo walikuwa Wazungu. Vijiji vya Waafrika havikupewa haki hiyo mpaka mwaka 1996, baada ya uhuru. Yafaa tulikumbuke hilo kila tusikiapo sifa za ranchi za wanyama.

Jirani zetu wa Kenya walishika njia nyingine. Mwaka 1977 walipiga marufuku uwindaji wote wa leseni. Nia yao ilikuwa njema, kwa maana ujangili ulikuwa umezidi. Hata hivyo wataalamu waliohesabu wanyama wakubwa katika nyanda za malisho za Kenya tangu mwaka 1977 hadi 2016 waliona kwamba walikuwa wamepungua kwa asilimia 68 hivi. Si haki kuitupia marufuku peke yake lawama hiyo: watu waliongezeka, kondoo na mbuzi waliongezeka, nyua za waya zilijengwa, na ukame ulikuja mara kwa mara. Tena zipo ranchi za Kenya, kama Lewa huko Meru, zilizoacha kuwa mashamba ya ng'ombe tu zikawa makazi ya vifaru, nazo huishi kwa fedha za watalii pasipo risasi moja ya mwindaji. Ila mfugaji mdogo ambaye watalii hawafiki kwake, pundamilia alimletea nini? Alimletea kupungua kwa majani.

Sasa turudi kwetu, pwani, kaskazini ya Bagamoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi Mkwaja. Ng'ombe wake walifikia maelfu mengi. Ardhi ilionekana kufaa: majani marefu, mvua ya kutosha, bahari karibu. Adui alikuwa mdogo kuliko nyuki. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, huuma mnyama wa porini, hunywa damu yake, kisha huuma ng'ombe na kumwachia vijidudu vya nagana. Kuro, tohe na nguruwe mwitu hubeba vijidudu hivyo wala hawaugui, kwa kuwa wameishi navyo tangu zamani. Ng'ombe hukonda, hutupa mimba, hufa.

Mabwana wa ranchi walipigana vita hivyo kwa karibu miaka 50. Ng'ombe walichomwa sindano za dawa tena na tena, mpaka vijidudu vikaizoea dawa. Vichaka vilikatwa vikaota tena, na migunga ikasonga mahali palipokuwa na majani. Katika vita hiyo mnyama wa porini alikuwa upande wa adui. Alikuwa ghala ya ugonjwa, na mwenye ranchi hakuwa na faida yoyote ya kumwacha. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa.

Hapa ndipo penye jambo la kutafakari. Ardhi ileile iliyowashinda ng'ombe pamoja na dawa zao ilikuwa inalisha kuro, kongoni, tohe, ngiri, nyati na palahala bila sindano hata moja. Ranchi ilipokwisha, ardhi yake iliunganishwa na pori la akiba la Saadani, na mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Saadani ikatangazwa rasmi. Wataalamu waliokwenda kuchunguza waliona kitu cha ajabu: mahali palipokuwa maboma ya ng'ombe, samadi ya miaka mingi ilikuwa imeirutubisha ardhi, na miaka kadhaa baadaye wanyama wa porini walipenda kulisha hapohapo, katika majani mafupi, matamu. Ng'ombe wamekwenda, lakini wameacha meza imeandaliwa.

Je, watu wa jirani nao walikaribishwa mezani? Hapo jibu si tamu vile. Hifadhi ya taifa haimruhusu mtu kulisha, kulima wala kuwinda ndani yake, na mabishano ya mpaka kati ya hifadhi na watu wa kitongoji cha Uvinje yaliendelea kwa miaka mingi. Kampuni ya mkonge haikupata faida kwa kuro kwa sababu kuro hakuwa wake. Mwanakijiji naye hakuipata, kwa sababu ileile. Mimi naona kwamba kosa halikuwa kwamba mnyama ni wa umma. Kosa ni kumwachia mtu mmoja hasara ya mali ya wote.

Tanzania imejaribu kulitengeneza jambo hilo. Sera ya mwaka 1998 ilisema kwamba vijiji vyenye wanyama vishirikishwe, na tangu miaka ya 2000 vijiji vikaanza kutenga sehemu ya ardhi yao kuwa Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori. Kijiji hubaki na ardhi. Mwenye kambi ya utalii au mwindaji hulipa. Fedha hugawanywa kati ya serikali na vijiji. Moja ya jumuiya hizo ni Burunge, iliyo kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Karibu nayo iko Ranchi ya Manyara, iliyokuwa ya walowezi, kisha ya serikali, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawekwa chini ya udhamini maalum. Huko hawakuwafukuza ng'ombe kama ilivyokuwa Mkwaja. Ng'ombe hulisha, na nyumbu na pundamilia hupita katika safari zao za kila mwaka kati ya hifadhi mbili. Ranchi ikigawanywa kuwa mashamba ya mahindi, njia hiyo itazibwa, na mnyama asiyeweza kusafiri hufa njaa hata kama hakuna amwindaye. Jumuiya hizi zina manung'uniko yake: fedha huchelewa, tena mgawo wa kijiji ukigawanywa kwa kila nyumba huwa mdogo. Lakini mtu aliyewahi kupata darasa moja la shule kwa fedha za pundamilia humtazama pundamilia kwa jicho jingine.

Turudi sasa buchani. Kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori, yenye leseni, yauzayo nyama iliyopatikana kwa njia ya halali tu. Sheria ya mwaka 2009 nayo yaruhusu mashamba na ranchi za wanyamapori kwa kibali. Wako wafurahio, wakisema kwamba sasa mnyama atakuwa na bei, na chenye bei hutunzwa. Wako waogopao, wakikumbuka yaliyowapata ayala wa Marekani nyama yao ilipopelekwa mijini. Dar es Salaam ni mji wa mamilioni ya walaji. Nyama iliyokwisha kukatwa haina alama: kipande cha kuro wa halali na kipande cha kuro wa mtego wa waya hufanana juu ya mzani. Tofauti yao imo katika karatasi tu, nayo karatasi hutegemea uaminifu wa aiandikaye na macho ya aisomaye. Kwa ng'ombe wa Pugu tumejifunza kudai karatasi hizo kwa muda mrefu, na hata hivyo wezi wa ng'ombe hawajakwisha.

Maswali. Eleza kwa nini kuro haugui nagana na ng'ombe huugua. Mwenye ranchi wa Texas auza nini, ikiwa ayala si wake? Kama wewe ungekuwa mwenyekiti wa kijiji kinachopakana na Saadani, na nguruwe mwitu wamefukua mihogo ya wajane wawili, ungetaka nani awalipe, na fedha zitoke wapi? Andika jibu la swali hili la mwisho katika kurasa mbili, kisha msomee mtu mzima wa nyumbani kwenu na uandike aliyokupinga.