SOMO LA UTUNZAJI WA KUMBUKUMBU: KUVUMBUA TARAKIMU ZINAZOJIRUDIA



Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa waliweka wapimaji wao wenyewe, kwa kuwa hawakuiamini mizani ya wanunuzi. Vyama vilivyotokana na juhudi hizo viliungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika la Victoria. Hivyo kumbukumbu ya uzito ni mzizi wa ushirika wetu. Kompyuta nayo haiwezi kuulinda mzizi huo iwapo jedwali limepangwa vibaya.

1. Mpango wa jedwali. Wako makatibu wanaompa mwanachama mstari mmoja, kisha huongeza safu kila wiki. Jedwali la namna hiyo ni gumu kulinganisha. Kila pamba inapopokelewa iandikiwe mstari wake: msimu, tarehe, namba ya mwanachama, namba ya stakabadhi, daraja na kilo. Majina yakae katika jedwali la pili. Kwani likiandikwa Masanja leo na Massanja kesho, kompyuta huona watu wawili.

2. Maswali ya kuiuliza kompyuta. Kwanza: kusanya mistari yenye msimu mmoja na namba moja ya stakabadhi, uihesabu, kisha uonyeshe inayozidi mmoja. Msimu usisahauliwe, maana vitabu vipya huweza kuanza tena namba zile zile. Pili: panga mistari ya kila mwanachama kwa tarehe, ulinganishe kilo za kila mstari na za mstari uliotangulia. Mfano:

Juni 3, mwanachama 114, stakabadhi 0871, kilo 62
Juni 10, mwanachama 114, stakabadhi 0902, kilo 62
Juni 17, mwanachama 114, stakabadhi 0940, kilo 62

Swali la kwanza halitaona kitu hapa. La pili litaona.

3. Tahadhari. Katika chama kimoja nilichokagua, karani aliitwa mwizi mbele ya mkutano kwa sababu ya kilo zilizojirudia hivyo. Baadaye ilidhihirika kuwa mkulima yule alikuwa akijaza gunia lile lile hadi alama ile ile. Karani alikuwa amekwisha kuacha kazi. Basi kabla ya kumtaja mtu, tazama nakala za stakabadhi, jaribu mizani, na umwulize mwanachama mwenyewe.

Zoezi: Chukueni mapokezi ya msimu uliopita, mwulize maswali yote mawili, na majibu yasomwe kwanza katika kikao cha Kamati.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika,
Kamanga